Malindi kwa siku moja: nguzo ya mgeni au nguzo za wenyeji?

Wageni wangu karibu wote, wawe wametoka Nairobi, Nakuru au Tanga, hufika Malindi na ombi moja: nataka kuiona ile nguzo. Hawana haja ya kuitaja jina. Wameiona kwenye kitabu cha historia shuleni, kwenye kalenda ukutani, kwenye simu ya jirani: nyeupe, pana chini na nyembamba juu, msalaba utosini, bahari nyuma yake. Nami huwapeleka, wala sina kinyongo nayo. Ila tuktuk ikipita barabara ya ufuoni, karibu na Msikiti wa Juma, humwambia dereva asimame kidogo. Mgeni hushangaa. "Mbona tumesimama, si bado?" Hapo pana nguzo nyingine. Imejengwa kwa mawe ya bahari hii hii na mafundi wa mji huu, juu ya kaburi la mtu wa mji huu, na kutwa nzima watu huipita wakienda sokoni wasiigeuzie hata shingo.

Naandika kwa ajili ya mtu aliye na mchana mmoja, au siku moja, na hajui aende wapi. Nguzo za mawe zilizojengwa kwa mikono ni nyingi huku kwetu kuliko watu wanavyodhani. Nitazilinganisha za sehemu nne: nguzo ya Vasco da Gama, baharia Mreno, ambayo ndiyo ile yenye msalaba, makaburi ya nguzo ya Msikiti wa Juma, kaburi la Mambrui, na makaburi ya Gede. Msimamo wangu nautoa mapema ili usinifuate gizani. Kama una saa moja tu, nenda kwenye kaburi, si kwenye msalaba. Kama una siku nzima, anza na wenyeji, mgeni awe wa mwisho. Nimezunguka na wageni kwa mpango huo na kwa mpango wa kinyume chake, na tofauti nimeiona kwenye maswali wanayouliza.

Nguzo ya Mreno

Iko kusini kidogo ya mji, kwenye ulimi wa mwamba uliochomoza baharini. Kutoka mji wa kale waweza kwenda kwa miguu jua likishapoa; kwa tuktuk ni mwendo mfupi. Eneo liko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hiyo kuna tiketi, na mwananchi hulipa pungufu kuliko mgeni wa ng'ambo. Beba kitambulisho, usije ukabishana langoni na mtu anayefanya kazi yake.

Hadithi yake wengi tunaijua nusu. Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498 akitokea Mombasa, ambako mambo yalikuwa yameshaharibika baina yake na wenyeji. Sultani wa Malindi alikuwa na ushindani wake wa siku nyingi na Mombasa, akaona mgeni huyu atamfaa. Akampokea kwa chakula na zawadi, akampa rubani. Merikebu ziling'oa nanga tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei zilikuwa mbele ya Calicut, India. Mwezi haukutimia! Rubani aliijua njia, na kusi, upepo unaosukuma vyombo kuelekea India, ilikuwa imeshaanza kuvuma. Wakati wa kurudi Mreno hakungoja kaskazi, upepo wa kurudia huku, ikomae. Bahari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu, mabaharia wakafa kwa kiseyeye, na alipoiona Malindi tena Januari 1499 watu wake walikuwa hoi. Hapo ndipo alipoacha nguzo ya kumbukumbu, kama Wareno walivyofanya kila pwani waliyotaka ijulikane kuwa wamefika.

Utasikia watu wakisema rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Uarabuni aliyeandika vitabu vya ubaharia. Wanahistoria wengi leo hawalikubali hilo. Wanaona alikuwa mtu wa Gujarat. Ukimsikia mwongozaji akimtaja Ibn Majid, muulize kwa upole amelitoa wapi. Mazungumzo mazuri huanzia hapo.

Nguzo haikuanzia hapo ilipo. Mara ya kwanza ilisimamishwa karibu na makao ya Sultani, na msalaba katikati ya mji wa Waislamu haukupendeza macho ya watu. Ikaondolewa, na baadaye ikapandishwa huku rasini, mbali kidogo na nyumba za watu. Naupenda uamuzi huo wa wazee. Hawakuivunja wala hawakuitupa baharini, lakini hawakukubali iwakalie mlangoni.

Sasa tazama kazi yenyewe. Kilichotoka Ureno ni kile kipande cha juu tu, msalaba wa jiwe la Lisbon wenye nembo ya mfalme wao. Mwili wote ulio chini yake, ule unaojaa kwenye picha, ni matumbawe ya hapa na chokaa. Nilikwenda na mama mdogo wangu anayeishi Kisumu, akaegemeza kiganja kwenye ukuta wake ili apumzike, na alipokitoa akaona weupe umemshika mkononi kama unga wa muhogo. "Hii si inapakwa upya?" akaniuliza. Inapakwa, Mama. Chumvi ya bahari inakula chokaa kila mwaka, na kila mara kuna mtu wa hapa hapa anayekuja na ndoo na brashi kuirudishia. Bila mikono hiyo tungebaki na msalaba uliolala mchangani.

Mahali penyewe ni pazuri sana, lazima niseme. Upepo haukatiki, maji yanapiga mwamba chini ya miguu yako, na ukigeuka unauona mji wote wa Malindi umejipinda na ghuba. Wakati wa mvua za masika maji yanageuka rangi ya udongo, kwa sababu mto Sabaki unamwaga bahari hiyo hiyo kaskazini ya mji, na wageni hudhani bahari imechafuka. Ni udongo wa bara, unaoletwa na mto kutoka mbali huko juu. Kivuli karibu na nguzo hakipo, na mwamba upande wa bahari umeliwa chini kwa chini. Watoto washikwe mkono. Nimewahi kumwona kijana amesimama ukingoni akitafuta picha huku wimbi la kusi likipasuka miguuni mwake, na moyo wangu ulirudi mahali pake alipoteremka.

Hayo yote huchukua nusu saa. Hapo ndipo tatizo langu lilipo. Mgeni anafika, anapiga picha, anasoma kibao, anaondoka, na kichwani amebeba habari moja tu: kwamba Malindi ilianza kuwa mahali pa maana siku mzungu alipotia nanga.

Makaburi ya ufuoni

Njoo sasa Msikiti wa Juma. Makaburi ya nguzo ni mawili, moja lina nguzo ndefu na jingine fupi, na ile ndefu unaiona kutoka barabarani bila kulipa senti. Kaburi la aina hii ni kama chumba kidogo kisicho na paa. Kuta fupi zimelizunguka, na kwenye ukuta mmoja ndiko nguzo inakopanda juu kupita kichwa cha mtu yeyote. Aliyezikwa yumo ndani ya kuta. Hili refu lina zaidi ya miaka 500.

Makaburi ya namna hii utayakuta pwani yetu tu. Yako Somalia, yako Lamu, yako Takwa kule kisiwani Manda, yako Kaole karibu na Bagamoyo na Kunduchi karibu na Dar es Salaam. Uarabuni huyakuti, wala Uajemi. Dini ilivuka bahari ikaja, lakini nguzo juu ya kaburi waliibuni watu wa huku, na wakaijenga kwa kilichopo. Mtu anayesema ustaarabu wa Waswahili ulishushwa wote kutoka jahazini, msimamishe hapo kando ya barabara na umwombe aitazame nguzo hii vizuri.

Na kilichopo ni nini? Mawe ya matumbawe. Mafundi wa zamani walikuwa na ya aina mbili. Kuna yale ya nchi kavu, magumu, yenye kingo zinazokata mikono, hayo ni ya kuta. Na kuna matumbawe yanayokatwa baharini yangali mabichi, laini hata yanachongeka kwa shoka dogo kama mbao, kisha hewa na jua vikiyapata yanakuwa magumu. Hayo ndiyo ya kingo, ya mihirabu, ya mapambo. Pale lipu ilipobanduka, sogeza jicho. Utaona vitundu vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki, kila kimoja kimekuwa nyumba ya mdudu wa baharini. Fundi aliyejenga hapa alijenga kwa kitu kilichokuwa hai.

Babu yangu mzaa mama alichoma chokaa ujana wake wote, na ndiye aliyenifundisha kuitazama lipu. Magogo hupangwa duara, tabaka juu ya tabaka, na mawe ya matumbawe yakawekwa juu yake. Moto hukesha. Asubuhi mawe yamekuwa meupe na mepesi, ukiyamwagia maji yanachemka yenyewe na kuvunjika kuwa unga. Kisha, na hapa Babu alikuwa akiinua kidole, chokaa huachwa ikae. Mwezi, miezi, ikiwezekana mwaka. "Chokaa changa hupasuka ukutani," alisema, "ndiyo maana nyumba ya mwenye haraka ina nyufa." Baada ya hapo hupigwa, hulainishwa kwa jiwe, hupigwa tena. Hakuna saruji hata punje moja katika nguzo ile ndefu ya asili, na bado imesimama ikiitazama bahari ile ile ya chumvi inayoila nguzo ya Mreno.

Wakati wake ulikuwaje? Mwaka 1415, miaka 83 kabla ya Vasco, wajumbe wa Malindi walifika China na twiga wa kumtunza mfalme, na mnyama yule akaingia katika kumbukumbu za nasaba ya Ming. Mji uliokuwa na watu wa kumsafirisha twiga akiwa hai hadi China haukuwa unamngoja mtu yeyote aje kuugundua. Mimi huwaambia watoto habari hii tukiwa tumesimama mbele ya kaburi, na huwa hawaisahau. Swali lao la kwanza ni twiga alikaaje ndani ya jahazi.

Adabu. Hapa ni makaburini, na ni ubavuni mwa msikiti. Vaa nguo za heshima, mabega na magoti yafunikwe. Usipande ukutani. Usije saa sita au saa saba mchana siku ya Ijumaa ukajiweka mbele ya watu wanaokwenda kuswali. Ukitaka kusogea karibu zaidi, piga hodi kwa walioko msikitini, hawana ubaya. Siku moja nilikuwa na vijana wawili wa jamaa yangu, simu mkononi, wakaanza kujipanga kwa picha. Mzee mmoja alikuwa amekaa kivulini.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia haraka.

"Marahaba, mwanangu. Hawa wako?"

"Wangu, mzee. Wametoka bara."

"Waambie wawape salamu wenye makaburi kwanza. Picha itangoja."

Wakaweka simu mifukoni, wakatoa salamu. Kisha mzee akawaita, akawaonyesha mahali lipu ilipotengenezwa upya na mahali pa asili, na tofauti ya rangi kati ya hizo mbili. Mimi nimezaliwa hapa, na tofauti hiyo nilikuwa sijaiona.

Mambrui, kwa mwenye subira

Ukivuka daraja la Sabaki kuelekea kaskazini, barabara ya kwenda Garsen, unafika Mambrui. Ni mji mdogo wenye misikiti mingi na utulivu wa aina yake. Kaburi lake la nguzo ni la watu wanaopenda vitu vidogo. Nguzo yenyewe ilianguka zamani, kwa hiyo usitegemee kitu cha kuinulia shingo. Lakini ilikuwa imepachikwa mabakuli ya kaure ya China, ya enzi za Ming, yakiwa yamezamishwa kwenye lipu, uso nje.

Fikiria kazi hiyo. Bakuli limevuka Bahari ya Hindi bila kuvunjika, limenunuliwa kwa bei ya ghali, na mwenye nalo haliweki kabatini wala halili wali ndani yake. Analipeleka kwa fundi alikandamize kwenye chokaa mbichi juu ya kaburi la mzazi wake, liwake jua likichomoza. Mahali bakuli lilipotoka, au lilipotolewa na watu wasio na haya, hubaki kishimo cha duara, laini, chenye alama ya kitako chake. Nimetia kidole changu kwenye shimo kama hilo, na mpaka leo nahisi ule mviringo.

Kwa Mambrui nakuambia waziwazi: kwa mgeni wa mara ya kwanza mwenye haraka, haifai. Utasafiri kwenda na kurudi kwa kitu ambacho hakikuiti kutoka mbali. Kwa mtu aliyeshaiona Malindi, au fundi, au mwalimu wa sanaa, au mtu aliyefiwa hivi karibuni, ningeichagua Mambrui kabla ya nyingine zote.

Gede, kwa familia nzima

Gede iko kama kilomita 16 kusini ya Malindi, kando ya barabara kuu ya Mombasa, ingia upande wa Watamu. Matatu zinakwenda kutwa. Hapa hununui tiketi ya kutazama nguzo moja. Ni mji mzima uliomezwa na msitu. Ulikuwa na watu tangu kama karne ya 12, ukastawi sana karne ya 15, na kufikia karne ya 17 watu walikuwa wameuhama. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nilipoisikia habari hiyo nilifurahi kama nimeposa.

Katikati ya magofu kuna kaburi lenye tarehe. Imeandikwa kwa mwaka wa Hijra, 802, ambao ni mwaka 1399 wa Miladi. Hesabu mwenyewe: ni miaka 99 kabla ya Vasco da Gama. Simama mbele yake dakika mbili. Kwa mji uliopotelea msituni, tarehe hiyo moja ndiyo msumari ambao wataalamu waliutundikia mambo mengine yote ya umri wa Gede. Si mbali na hapo utaona kaburi la nguzo ambalo nguzo yake ina mifereji iliyochongwa kutoka chini kwenda juu, kazi safi kuliko ile ya mjini Malindi. Ukishajua kilichomo ndani ya lipu, utaanza kuwaza fundi alishika nini mkononi kuuweka mfereji ule sawa.

Kwa watoto Gede haina mpinzani. Kuna kivuli cha miti mikubwa, kuna visima, kuna vyoo vya kale vilivyojengwa vizuri kuliko vya shule nyingi, kuna kima wanaorukaruka juu ya kuta wakingoja ndizi. Ndizi usiwape, wanakuwa wakorofi na wanapata maradhi. Karibu na lango kuna mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993, ambapo wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi na kuuza mabundo ya vipepeo, yaani viwavi vilivyokwisha kujifunga ganda, ng'ambo. Kwa mzee mwenye magoti mabaya, njia za Gede ni ndefu lakini ni tambarare, na mahali pa kukaa papo.

Ubaya wake ni mmoja: ukienda Gede na mwongozaji anayekimbia, magofu yote yanafanana. Mwambie mapema una hamu na makaburi na nguzo, akupeleke huko kwanza mkingali na nguvu, kisha msikiti mkuu na jumba la Sultani.

Basi uchague ipi?

Mwenye saa moja kati ya shughuli na shughuli, pengine umekuja kwa harusi au kwa kesi mahakamani, shuka Msikiti wa Juma. Hulipi, hupotei, na utaondoka na kitu ambacho wenzako mia waliokuja Malindi hawakukiona.

Mwenye mchana mmoja na mtu wa kwanza kuja Malindi, ambaye asipoleta picha ya msalaba nyumbani hawatamwamini kuwa alifika, fanya zote mbili. Ila zipange. Alasiri baada ya swala, makaburini. Kisha jua likianza kulegea ndipo uende rasini kwa Mreno. Saa hizo jua liko nyuma yako upande wa bara, nguzo inapata mwanga usoni na bahari inakuwa buluu. Asubuhi jua hutoka baharini nyuma ya nguzo, na picha inakuwa kivuli tupu. Tofauti nyingine ya kwenda kwa mpango huu ni ile niliyoitaja mwanzo. Waliomuona Mreno kwanza hufika makaburini wakiuliza, "Hii nayo ni ya nini?" Waliopita makaburini kwanza hufika rasini wakiuliza, "Na hii mwili wake aliujenga nani?" Swali la pili ndilo nilitakalo.

Mwenye familia na siku nzima, Gede asubuhi na mapema kabla ya joto, chakula cha mchana mjini, kisha kama hapo juu. Mambrui iache siku nyingine.

Kwa upande wa pesa, Gede na Vasco zina tiketi, Msikiti wa Juma na Mambrui zinataka adabu zaidi ya fedha. Kwa upande wa jua, Gede ina kivuli, nyingine hazina. Kwa picha, Mreno anashinda, sitadanganya. Kwa kazi ya mkono, ukiniuliza mimi, nguzo ya mifereji ya Gede ni ya kwanza, kishimo cha bakuli la Mambrui cha pili, na nguzo ndefu ya ufuoni ya tatu. Kwa kukaa kimya na kuwaza, hakuna inayoifikia Mambrui.

Kuna nguzo za aina nyingine ambazo utasikia zikitajwa, na hizo naomba tuelewane. Wagiriama, wenyeji wa pwani hii, huwasimamishia wazee wao wa chama cha Gohu nguzo za mbao zilizochongwa, ziitwazo vigango. Ni mbao ndefu nyembamba, kichwa cha duara, mwili umejaa pembetatu ndogo ndogo zilizotiwa rangi. Kigango kimesimama badala ya mtu. Hakiondolewi, kinaachwa mpaka kioze chenyewe. Vingi viling'olewa usiku, vikauzwa, vikaishia kwenye nyumba za matajiri na majumba ya makumbusho ya Marekani. Jumba la makumbusho la Denver lilikubali mwaka 2014 kurudisha 30, na jitihada za kurudisha vingine zinaendelea. Kwa hiyo mtu akikuambia pembeni kwamba anaweza kukupeleka mahali ukione cha kweli, au ana kimoja cha kuuza, kataa. Ukitaka kujua uchongaji, nenda chama cha ushirika cha wachongaji hapo Malindi mjini, ununue kitu kilichochongwa ili kiuzwe, na mwenye kazi umlipe mkononi.

Ukishamaliza mzunguko wote na umefika rasini jioni, upepo ukiwa umekupoza, muombe mwongozaji akuonyeshe ni sehemu gani iliyotoka Lisbon. Atainua mkono na kukuonyesha juu kabisa. Kisha weka kiganja chako chini, penye matumbawe.